Kinachobaki

Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nane
ndani ya kimfuko kinachonuka kitunguu saumu.
Hospitali ya Castro, kisiwani Chiloé, mwezi wa saba,
mvua inapiga dirisha kwa ubavu.
Bi Edelmira Millalonco, miaka sabini na minne,
nyonga ya kushoto imevunjika akitoka kuwafungia kuku.

Miandiko mitatu: wake,
wa binti aliyehamia Coyhaique,
na wa daktari fulani, kwa penseli,
hausomeki ila neno KAMWE.
Penisilini. Kodeini. Mofini. Iodini.
Sindano ya jino. Mpira wa glovu.
Dawa ya kulegeza misuli, jina limeliwa na mkunjo.
Chaza wabichi, "ila hao nawala hivyo hivyo."

Wenzangu husema: mwenye mizio kumi hana hata mmoja.
Nami nimewahi kusema, nikacheka nao.

Jioni ile nilivuta kigoda.
Sikumuuliza kinachomdhuru. Nilimuuliza: ilikuwaje?

Penisilini ilikuwa vipele, utotoni; mama alimpaka siagi.
Kodeini, alitapika kwenye feri njia nzima,
"lakini bahari nayo ilichafuka, nisiseme uongo."
Mofini, alijikuna hadi damu,
akamwona marehemu mumewe juu ya dari ya wodi
akipigilia vigae vya mbao.
"Hilo sikulichukia."
Sindano ya jino: moyo mbio, mikono tetemeko.
Hiyo ni adrenalini, nikawaza, ganzi haina kosa,
na mlango ukafunguka upana wa kidole.

Kuhusu ile ya kulegeza misuli hakumbuki kitu.
Binti ndiye anayekumbuka, kwenye simu inayokatika:
Puerto Montt, mwaka tisini na nane, kibofu cha nyongo,
wauguzi wakikimbia, midomo ya mama rangi ya kome,
kisha mtu akatoka akasema mshukuruni Mungu.
Jina la dawa hakusema.

Hapo kalamu yangu ilisimama.

Usiku nilikata, nikakata tena.
Kilichobaki: sindano moja nyembamba,
ganzi kiasi cha machozi, mgongo wa mwanamke.
Na kama mgongo ukikataa?
Na kama damu ikitushinda, ikabidi nimlaze
kwa nusukaputi, koo nitaifunguaje
bila dawa ile, au nduguze nisiowajua?
Niliandika njia ya pili kwenye karatasi.
Ya tatu niliiandika kiganjani.
Kisha nikavuta adrenalini kwenye bomba, nikaweka lebo:
ile ile iliyomtetemesha kwa daktari wa meno
ndiyo ya kumrudisha, akituponyoka.

Alikuwa wa kwanza asubuhi,
kabla glovu za wengine hazijatia vumbi hewani.
Yasna alizibadilisha zote, hata za akiba, bila kuambiwa.
Jikunje, mama, kama unatafuta kitu chini ya kitanda.
Mfupa. Mfupa tena. Jasho langu.
Mara ya tatu, tone,
safi kama maji ya mwamba.

Alikuwa macho nyundo ilipoanza.
"Nani anagonga?"
Daktari Ruminot, mama. Anakupigilia nyonga mpya.
Alisikiliza, kichwa kimeinama kidogo.
"Anagonga ovyo. Wangu angemaliza kwa mapigo matatu."
Nyuma ya pazia, nyundo ikasita,
halafu ikaendelea, kwa adabu zaidi.
Mimi macho yalikuwa kwenye namba,
namba hazikusema neno.

Siku ya nne nilimwandikia karatasi mpya, herufi kubwa:
hizi ni salama, hizi zisubiri vipimo.
Mstari wa mwisho uliniumiza mkono:
Dawa ya 1998, haijulikani. Akapimwe Santiago.
Isipojulikana, asipewe yoyote ya ukoo huo.
Aliisoma polepole, akaikunja mara nane,
akaipachika ndani ya ile kuukuu.

Nilimwambia ile aitupe.
"Hii ninaijua," akasema,
akafunga kimfuko kwa meno.